Picha HD ya Mama Elia

Jumatatu, 3 Juni

Picha za pasipoti kumi na nne kabla ya saa sita. Wote wa kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, wote wana haraka, hakuna aliyechana nywele. Baridi imenipasua midomo. Umeme umekatika mara mbili.

Kila mtu anataka HD. Neno hili litaniua. Bango la studio nililiandikisha mwenyewe, "Picha HD Hapa", kwa hiyo sina wa kumlaumu. Binti mmoja leo kaniambia nimpige HD ila chunusi zisionekane. Nikamjibu HD ndiyo chunusi zenyewe. Akadhani namtania. Mama wa Nakonde anayeuza vitenge naye, akiniita mama kwa lugha yake: "Bamayo, mimi HD, ile ya kung'aa." Nimempiga kama ninavyowapiga wote. Kaondoka anang'aa.

Mchana kaingia dereva wa lori, jitu la watu, mlango ulikuwa mdogo. Anaitwa Elia, kwao Mbozi. Amekwama kwenye foleni ya mpaka siku ya tatu. Kwenye simu ana picha ya picha: wanawake tisa wa kwaya mbele ya kanisa, nyeusi na nyeupe. Binamu yake aliipiga kwa simu kijijini, akamrushia mtu, mtu akamrushia mtu mwingine, mpaka ikamfikia yeye. Kila ilikopita imepungua. Sehemu ya chini yote imeungua kwa mwanga wa dirisha, nyeupe tupu.

Wa mwisho upande wa kulia ni mama yake. Alifariki Elia akiwa mtoto mchanga. Sasa ana miaka arobaini na moja na hajawahi kuiona sura ya mama yake. Picha nyingine haipo. Tarehe 22 wanajengea kaburi, anataka sura ichapwe kwenye kigae cha kubandika pale. "Nifanyie HD, mama. Nimwone."

Nimesema nitajaribu. Nilipaswa kusema haiwezekani.

Jumanne, 4 Juni

Nimeivuta ile sura mpaka ikajaa kioo cha kompyuta. Si sura. Ni viraka vya kijivu, vichache kuliko miraba ya daftari la hesabu.

Nikaifungulia ile programu mpya ya kusafisha picha. Sekunde chache, mwanamke akatokea. Macho, nyusi, meno, hata mng'ao kwenye mdomo. Nywele zimo kishungi kwa kishungi. Nilishtuka, nikafurahi kweli.

Halafu nikabonyeza tena kwa bahati mbaya. Akaja mwanamke mwingine. Pua nyembamba, uso mrefu. Nikabonyeza mara ya tatu. Wa tatu ana kidevu chenye shimo.

Viraka ni vilevile, wanawake watatu. Kwa hiyo programu haioni chochote, inabuni.

Nikakaa nawatazama wote watatu. Kisha nimefanya jambo ambalo naliandika hapa tu: nimemchagua anayefanana na Elia.

Jumatano, 5 Juni

Elia kaja. Nimempa kiti kabla sijamwonyesha. Katazama, mikono magotini. Kisha akasema, "Kumbe nimefanana naye." Akalia. Mtu mzima mwenye ndevu, analia mbele ya kitambaa changu cha bluu cha pasipoti, na nje watu wawili wanasubiri.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nimempa kitambaa cha kufutia kamera.

Kigae kimeshaagizwa Mbeya. Elia kavuka na mzigo wake, atarudi baada ya wiki mbili. Kanishika mkono kwa mikono yote miwili. Najiona mchawi.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimezihesabu HD kwa masikio yangu. Mwuza maandazi: maandazi HD. Kijana wa bodaboda akimsifia mchumba wake: HD. Blanketi za kutoka Zambia: HD. Kitu kikiwa kizuri, kipya au kimepakwa mafuta, basi HD.

Mimi nalijua neno hili maana yake. Nukta zimekaa nyingi na karibukaribu, hivyo kilichokuwapo mbele ya kamera kinaonekana chote, mpaka vidogo vyake. Kilichokuwapo. Kama hakikuingia kwenye picha siku ile, hakuna wa kukirudisha. Nimeifanya kazi hii miaka thelathini. Najua. Ndiyo maana nina hasira, na hasira yenyewe si ya mwuza maandazi.

Jumapili, 9 Juni

Ibadani sikusikia mahubiri. Nilikuwa natazama vifungo vya shati la mzee aliyekaa mbele yangu.

Marehemu Mzee Mlozi, aliyenifundisha kazi enzi za filamu, alinikataza kuanza na sura. Picha yoyote ukiletewa, alisema, angalia vifungo kwanza. Sura ukiitazama unaipenda au unaichukia, na jicho lako linaanza kujaziliza yasiyokuwapo. Kifungo hakipendwi na mtu. Kifungo kikiwa na matundu yake manne, picha ni nzima. Kikiwa donge, picha ni mbovu, usimdanganye mteja.

Sikuangalia vifungo vya kwaya ile. Nilirukia sura.

Jumanne, 11 Juni

Kigae kimekuja na basi la asubuhi. Kizuri. Kibaya ni kwamba ni kizuri. Yule mwanamke ananitazama kama amekuja kudai kitu. Nimemfunika kwa gazeti.

Elia kapiga simu akiwa Kapiri Mposhi, ndani ya Zambia. Anaendelea vizuri. Ile sura niliyomrushia ameiweka kwenye kioo cha simu yake. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari anamsalimia. Kasema hivyo akicheka, lakini hakuwa anacheka.

Nimeongeza gazeti la pili juu ya kigae.

Alhamisi, 13 Juni

Nimejitetea siku nzima. Nani atadhurika? Marehemu hajui. Mtoto amefurahi. Kaburi litapendeza.

Halafu nikawaza wajukuu. Watasimama pale na kusema bibi yetu alikuwa na sura hii. Na bibi yao atakuwa amezikwa mara ya pili, safari hii chini ya mtu mwingine, na mimi ndiye niliyeshika sepetu.

Nimempigia Elia, nikamwambia nahitaji kuiona picha yenyewe, ile ya karatasi, kuhakikisha. Neno hilo tu, kuhakikisha. Mwoga mkubwa mimi. Ipo kwa mama yake mkubwa, dada wa marehemu, ndiye aliyemlea. Nakwenda Jumamosi.

Jumamosi, 15 Juni

Gari mpaka Vwawa, halafu bodaboda. Kahawa imeiva, kila nyumba chanja za kuanikia zimejaa na watu wameinama wanachambua. Mama mkubwa alikuwa anachambua pia. Mwembamba, ana sweta mbili na miwani iliyofungwa uzi. Kanikaribisha ndani, kaleta uji, hakuniuliza shida yangu mpaka nilipomaliza kikombe.

Nikatoa nakala ya ile sura ya HD, ileile ya kwenye kigae. Kaivuta karibu na dirisha. Kaitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa mgeni.

"Mzuri," alisema. "Ni nani?"

Nilijua angesema hivyo. Nikamweleza yote, wanawake watatu na namna nilivyochagua. Yeye ni mtu wa kwanza kuambiwa. Hakunigombeza. Aliinuka, akafungua sanduku, akatoa picha iliyofungwa kwenye kipande cha khanga.

Ukubwa wa jalada la daftari. Karatasi nzito, kona moja imeliwa na mende. Nikaomba nitoke nayo nje kwenye jua.

Vifungo kwanza. Blauzi nyeupe, wanawake tisa. Wa kwanza kushoto: matundu manne. Wa pili: matundu manne. Nimekwenda mmoja mmoja. Picha kali kama wembe. Nyuzi za kola zinaonekana. Aliyeipiga alijua kazi kuliko mimi. Nikafika kwa mwanamke wa mwisho. Vifungo vyake, matundu manne. Sketi yake, kila mkunjo. Sura yake, ukungu.

Kwa hiyo picha haikuwa mbovu. Siku zote nimelaumu simu ya binamu. Simu ilikosea mengi, lakini ukungu huu ulikuwapo tangu siku ile ya kanisani. Wanane wametulia. Yeye peke yake amegeuza kichwa kamera ikiwa imefunguka.

Na kule chini, mahali ambapo kwenye nakala ya simu mwanga wa dirisha ulipaunguza, kuna mbeleko kiunoni. Na mguu wa mtoto umechomoza ubavuni.

Mama mkubwa alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu. Nayaandika maneno yake kabla sijayaharibu: "Alisimama mwisho ili mtoto akilia atoke. Mpiga picha kasema tulieni. Sisi tukatulia, hata kupumua tukaacha. Elia akalia. Mama yake akageuka kumwangalia. Mpiga picha alikasirika sana, tukamwambia basi, iache hivyo, filamu ni ghali. Mwezi uliofuata mdogo wangu akaugua."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Elia. Kasema Elia alipokuwa mdogo, kila alipoiona picha hiyo alikataa chakula siku nzima. Akaificha. Halafu miaka ikapita na akaona aibu kumtolea, mpaka binamu alipoikuta akaipiga.

Kanikabidhi picha kwa mikono miwili. Nimeishika mapajani njia nzima.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda ibadani. Nimesafisha kioo cha skana mara tatu. Nukta elfu moja na mia mbili kwa kila inchi, taratibu, mashine ikinguruma.

Sura sikuigusa. Nimekwenda chini, kwenye mguu. Kuna mkono. Nilipokuwa kijijini sikuuona, nilidhani ni kivuli cha kitenge. Mkono wa mama umeteremka umeushika mguu wa mtoto, kidole gumba juu ya unyayo. Kichwa kilisogea, mkono ulitulia. Kucha zinaonekana, moja imevunjika. Mishipa inaonekana. Kwenye kifundo cha mguu wa mtoto kuna uzi.

Vidole vya mtoto vimo vyote vitano. Kile kidogo kabisa kimepanda juu ya jirani yake, kimekaa kama kimebebwa.

Miaka thelathini kazini na sijawahi kulihitaji neno lile kama leo. Hii ndiyo HD. Hakuna mtu yeyote aliyejaziliza hapa.

Jumanne, 18 Juni

Elia kavuka mpaka saa tano, kaja moja kwa moja, hata kula hajala. Kaniletea sukari ya Zambia. Sukari hiyo imenichoma.

Nilimwambia kabla hajakaa. Maneno yalitoka hovyo. Nikaona hanielewi, nikafungua kompyuta nikamwonyesha wale wanawake watatu pamoja. Hapo akaelewa. Akamtazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akatazama kioo chake.

"Kwa hiyo nimekuwa nikimsalimia nani?"

Nilisema nisamehe. Kasema, "Mama Studio, ungeniambia haiwezekani, ningeelewa. Nimeishi bila sura miaka arobaini. Sasa umenipa, halafu unaninyang'anya." Hakupaza sauti. Angepaza ningepona kidogo. Nikasema kuna kitu kingine, nimeenda kwa mama yako mkubwa, tazama kwanza. Akasema ametosheka na vitu vyangu. Katoka. Alisahau kofia.

Nimefunga studio saa nane mchana. Nimewaambia wateja umeme hakuna, na taa ilikuwa inawaka nyuma yangu.

Jumatano, 19 Juni

Kazi. Pasipoti tisa. Nimekata moja vibaya.

Nimempigia Elia mara mbili. Hapokei. Lori lake bado liko kwenye uwanja wa malori, nimelipita makusudi. Nilitaka kugonga mlango. Nikakosa ujasiri, nikanunua nyanya, nikarudi.

Kesho ni mwisho wa kutuma kazi Mbeya kama kigae kipya kitawahi Jumamosi. Asipokuja, kaburi litajengwa bila picha. Au na yule mwanamke. Sijui lipi baya zaidi. Kigae kiko hapa kwangu, lakini ni chake.

Alhamisi, 20 Juni

Elia kaja saa mbili, nafungua mlango. Kasema amefuata kofia. Nikampa kofia, akabaki amesimama. Kumbe mama yake mkubwa alimpigia jana jioni. Sijui alimwambia nini, ila Elia aliniuliza tu, "Iko wapi?"

Nikamkalisha. Safari hii nilianza na vifungo. Nilimpitisha kwa wanawake wote tisa, kifungo kwa kifungo, kama Mzee Mlozi alivyonipitisha mimi. Nilitaka aone mwenyewe kwamba picha ni nzima. Alipofika kwa mama yake, nikamwonyesha ukungu, nikamwonyesha upande ambao kichwa kimeelekea. Nyuma, chini, kwa aliye mgongoni.

"Alikuwa anakuangalia wewe," nilisema. "Ndiyo maana sura yake haipo."

Nikavuta chini, kwenye mkono na mguu. Nikavikuza mpaka vikajaa kioo.

Akasogeza kiti karibu na kioo. Halafu akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu. Nilidhani mguu unamuuma. Akavua kiatu, akavua soksi, akaupandisha mguu wake kwenye kiti changu cha wateja. Mguu mkubwa, umechoka kwa kukanyaga klachi. Kidole kidogo kimepanda juu ya jirani yake.

Tukautazama mguu, tukatazama kioo. Nikaanza kucheka, sikujizuia, naye akacheka, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. Dada mmoja aliyefuata pasipoti alichungulia, akaona mwanaume mguu juu ya kiti, akaenda zake.

Kisha Elia akanyoosha kidole akaugusa ule mkono kwenye kioo. Sikumkataza, ingawa huwa nakataza. Aliugusa pale kwenye kidole gumba. "Alikuwa amenishika," alisema.

Kigae anataka picha ya mama yake mzima, kutoka kichwani mpaka miguuni, kama alivyosimama siku ile. Nikamuuliza kuhusu sura. Akasema isiguswe. Faili limekwenda Mbeya saa nne, nimewapigia simu mara mbili wasiisafishe picha, wasiitie chochote. Kijana wa kule kasema, lakini mama, huyu si HD. Nimemwambia achape alichotumiwa.

Ijumaa, 21 Juni

Kigae kimefika. Elia kakichukua akakifunga kwenye blanketi lake la safari. Picha ya karatasi nayo nimemkabidhi, amrudishie mama mkubwa. Kasema haitarudi sandukuni, wataitundika sebuleni.

Kanialika kesho. Nimesema nina kazi. Sina. Naona haya tu.

Jumatano, 26 Juni

Baridi imepungua. Pasipoti sita, laminesheni mbili.

Elia kanitumia picha ya kaburi, kaipiga kwa simu akiwa kwenye mwanga mbaya. Chini kaandika, "Samahani Mama Studio, si HD." Nimeikuza. Saruji mpya, maua, na mraba wa kijivu usioonyesha kitu. Mimi najua kuna nini pale. Nikaacha kuikuza.

Wale wanawake watatu nimewafuta kwenye kompyuta. Kigae cha kwanza nimeshindwa kukivunja. Nimekiegemeza nyuma ya mlango, uso ukutani. Yule mwanamke hajamkosea mtu.

Kesho asubuhi nina familia ya watu sita. Baba yao kapita jioni kuuliza kama mtoto mdogo wamwache nyumbani, maana hatulii na ataharibu picha. Nimemwambia waje naye.